Meli Niliyoijenga Chali

Ikiwa umeambiwa leo kwamba utalala chali na hutainuka mpaka daktari aseme, basi nakuandikia wewe. Usitafute hapa jina la mdudu wala kazi ya kila kidonge. Hayo waulize waliosomea. Mimi najua tu jinsi dari ya wodi inavyoonekana mtu anapoitazama mpaka mvua zije na ziende, na najua woga. Watu wa Isiolo husema nilikuwa jasiri. Waongo hao, hawakuwa wamelala kitandani mwangu. Niliogopa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na bado nilipona, kwa hiyo nawe ogopa tu, haidhuru.

Jina langu ni Tume. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni nilikuwa mke mchanga wa Wario, tukikaa chumba kimoja cha ploti huko Bulla Pesa. Yeye alilinda ng'ombe waliowekwa karantini nje ya mji. Mama yake alikaa chumba cha pili, tukitenganishwa na ukuta wa mabati, na sote tulimwita Akko, yaani nyanya, kwa sababu nilikuwa nimemzaa Kabale, mjukuu wake.

Mgongo ulianza kuniuma Kabale akiwa bado hajajua kukaa. Paliuma mahali pamoja tu, pale leso ya kumbebea mtoto inapokaza. Akko alisema ni uzazi. Uliposhindwa kuisha alitia kijiti motoni akanichoma alama mgongoni, kama tunavyofanya kwetu, na mimi nikauma pindo la nguo nikanyamaza. Hakuna kilichobadilika. Jioni nilipata homa, asubuhi nguo zikawa zimelowa jasho. Nikiokota kitu chini nilichuchumaa, kisha nikajipandia mwenyewe kwa mikono, goti, paja, kiuno, mpaka nisimame. Nilimficha Wario haya yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mhenga huyo hakuwa mke mgeni katika nyumba ya watu.

Hatimaye nilikwenda hospitali. Benchi la kungojea lilikuwa refu, na kila mgonjwa alipoitwa sisi tuliobaki tulisogea nafasi moja. Mgongo wangu uliweza kukaa, ulichokichukia ni kule kusogea. Kufikia zamu yangu nilikuwa nalia, na aliyenifuta machozi ni muuguzi mmoja Mmeru, Sista Karimi, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilipelekwa Meru kupigwa picha ya mifupa. Meru kulikuwa na ukungu na baridi ambayo sijawahi kuiona, na nilitetemeka mbele ya ile mashine mpaka nikakaripiwa.

Picha ilisema ni kifua kikuu, nacho kimekaa kwenye uti wa mgongo. Nikawaambia wamekosea, mimi sikohoi. Sista Karimi akasema, "Mama Kabale, hii yako haitaki kifua. Imeona mgongo ni mzuri, ikaingia huko." Nilirudi nyumbani na habari hiyo, na kesho yake kikombe changu kilikuwa juu ya rafu, peke yake. Sikuuliza nani alikiweka.

Nikaanza sindano, kila siku. Ziliniuma mpaka nikawa nakaa kwa upande mmoja, na masikioni nikaanza kusikia mlio mwembamba kama wa sufuria inayokaribia kuchemka. Mlio huo ninao hadi leo. Lakini kiangazi kilipokuwa kinaisha homa iliondoka, nikala, nikanenepa, nikachota maji mwenyewe. Mvua ndefu zikanyesha. Siku moja Akko alinishika mkono, akavuta ngozi kidogo na kuiachia, akanitazama machoni na kwenye ufizi, vile mtu anavyomtazama ng'ombe sokoni.

"Ng'ombe akirudisha manyoya yake hadungwi tena," akasema. "Sasa ni maziwa."

Nataka mnielewe hapa, hasa nyinyi mnaotoka mjini. Kwetu mgonjwa aliyevuka hatari hupelekwa kwenye mifugo, akanywe maziwa mpaka mwili ufunge. Hakuna aliyedhani tunaacha matibabu. Tulidhani tunaingia nusu ya pili ya matibabu. Wario alikubali, na mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Kaka yake Wario alikuwa na ng'ombe na ngamia upande wa Biliqo, nyasi zimeota, maziwa yanamwagika. Tulipanda lori la mifugo nikiwa na Kabale mapajani, na hospitali sikuiaga.

Kule nilikunywa maziwa asubuhi, mchana na jioni. Nilikuwa mnene, ngozi inang'aa. Miguu ilikuwa mizito kidogo, lakini nilidhani ni unene.

Kisha siku moja nilikuwa nimekaa kando ya jiko nikifukiza kibuyu cha maziwa kwa kaa la moto, kazi niliyoifanya tangu utoto. Nikanusa ngozi inaungua. Nikauliza ni nani ameangusha ngozi motoni. Mke wa shemeji yangu alitazama chini, akapiga ukelele. Kaa lilikuwa limeanguka juu ya mguu wangu, limekaa hapo, na mguu ulikuwa unaungua huku mimi nauliza ni ya nani. Niliutazama tu. Sikusikia chochote. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyouogopa mguu wangu mwenyewe siku ile. Nilijaribu kusimama nikaanguka, na sikusimama tena.

Nilirudishwa Isiolo kwenye lori, nimelazwa juu ya ngozi za ng'ombe katikati ya mbuzi, Akko amenishika kichwa kisigonge mbao. Sista Karimi alipotuona alianza kupiga kelele kabla hatujashuka.

"Mama Kabale, nilikuambia nini? Maziwa ni chakula. Hii ni dawa. Nani alikuambia ingine ikiingia, ingine inatoka?" Aligombana na Wario, akagombana na dereva, akagombana hata na mbuzi. Kisha akanifunika miguu na blanketi na kuichomekea vizuri pande zote, ingawa alijua sikuwa nasikia baridi.

Nilimuuliza daktari kama nitatembea. Akasema, "Tutaona." Neno hilo nimelichukia mpaka leo, na watoto wangu wanajua wasilitumie nyumbani.

Nilifungwa plasta kutoka kwapani hadi nyongani, nikalazwa chali. Sindano zikaanza upya, kama vile zile za mwanzo hazikuwahi kudungwa. Kila asubuhi Sista Karimi alikuja na pini. Aligusa unyayo, "Hapa?" Sisikii. Aligusa muundi, "Hapa?" Sisikii. Alikuwa akifika juu ya goti ndipo nasema nasikia kidogo, naye anaitikia "sawa" kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. Haja zangu nilizifanya kitandani kama mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Kitanda cha jirani alilala mama mmoja Mturkana aliyenisimulia habari za kondoo wake, na siku moja nilipoamka godoro lake lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani juani. Hakuna aliyenieleza kitu. Tangu hapo, kila asubuhi nilihesabu magodoro kabla ya kusalimia watu.

Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodi ile. Siku za kutembelea Akko alimwinua Kabale dirishani, na mimi niligeuza kichwa kadiri plasta ilivyoniruhusu. Kabale alichezea hereni za Akko. Nilimwita, akanitazama jinsi mtoto anavyomtazama mtu wa sokoni. Siku moja nikasikia akimwita Akko mama. Akko alimkatazia haraka, nami nikajifanya sikusikia.

Ndipo Wario alipokuja na sanduku.

Mzungu mmoja wa mambo ya mifugo alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vya nyumba yake langoni. Wario alimwonea huruma mtoto wetu asiyecheza. Aliona sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya meli ya matanga meupe, akalinunua ili Kabale aivute kwa kamba uani. Alilifungua mbele yangu kwa fahari. Ndani hamkuwa na meli. Mlikuwa na vijiti, vibao vyembamba kama kucha, misumari midogo kama simsim, vitambaa, uzi, na chupa ya gundi iliyokauka ikawa jiwe.

"Nimenunua kuni," akasema Wario.

Nilicheka. Plasta iliniuma mbavuni nikashindwa kuacha. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Biliqo, na Wario naye akacheka, kisha akafunika uso kwa kofia yake na mabega yakaendelea kutikisika kwa muda mrefu. Sikumwambia niliona kwamba haikuwa kicheko tena.

Alitaka kulitupa. Nikamwambia aliache. Mtu aliyelala chali huona kila kitu kilichoko darini, na mimi nilikuwa nimemaliza dari. Sista Karimi aligeuza karatasi ya maelezo juu chini. "Hii si Kiingereza. Sijui ni ya wapi." Ilikuwa na michoro tu. Alitafuta ubao wa kukatia mboga kutoka jikoni mwa hospitali, akauweka juu ya plasta. Ulikaa vizuri sana. Kifua changu kikawa meza.

Akaniambia kile kipande kirefu cha katikati kinaitwa mkuku, na kwamba ni kama uti wa mgongo wa meli. Nikamwomba asiniambie maneno hayo tena. Nilikiita kipande kirefu mpaka mwisho.

Sasa, mimi bahari sijaiona hata leo. Lakini nilipoona zile mbavu za mbao zilizopindwa, mikono ilijua. Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke. Ni yeye anayekata fito, anayeziloweka, anayezikunja, anayezifunga, na ni yeye anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia watu wanapohama. Mwanamume hajui hata pa kuanzia. Basi nikaloweka vibao kwenye beseni la kunawia, nikavikunja kwa kuvizungusha kwenye kikombe cha chai ya moto, nikaanza. Gundi haikuwapo, kwa hiyo kila ubavu niliufunga kwa ule uzi, kwa fundo nililofundishwa na mama yangu. Wodi nzima ilisogea. Wenye nguvu walinishikia, wasio na nguvu walitoa amri. Mama mmoja wa Korbesa alisema mlango ukae magharibi, mwingine akakataa. Tulibishana kuhusu mlango mpaka chakula kikapoa.

Sista Karimi alipokuja na dawa za jioni alisimama. Alitazama kazi yangu, akatazama picha ya kifuniko, akatazama tena kazi yangu.

"Mama Kabale, umejenga nyumba."

"Ndiyo."

"Hii ni meli." Akaichukua akaigeuza, mgongo chini na tumbo juu. "Maji ya meli inatoka chini, mama, si juu."

Wanawake walicheka mpaka wakakohoa, na wodi ile watu wakianza kukohoa si mzaha. Nilikuwa nimemaliza karibu uzi wote uliokusudiwa matanga. Lakini tulipoigeuza hakuna ubavu uliolegea. Kama ningefuata ile michoro, bila gundi isingesimama hata siku moja.

Niliendelea nayo katika kiangazi chote, na usidhani ilinitoa woga. Ilinipa tu mahali pa kuweka mikono nikiwa naogopa. Misumari niliishika midomoni kama mafundi, ingawa Sista Karimi alinigombeza kwamba nitaimeza. Siku moja msumari ulinidondoka, ukaingia kwenye mashuka. Niliutafuta kwa mkono, sikuufikia, nikaacha. Baadaye wasaidizi walikuja kunipangusa, wakaninyanyua mguu na kuushusha, nami nikapiga ukelele.

Kila mtu alikimbia. Sista Karimi alifika ameshika sindano ya mtu mwingine. "Nini? Mgongo?"

"Nimechomwa!" nikasema. "Kuna kitu kimenichoma, hapa nyuma ya goti, kitoeni, kinauma!"

Alipitisha mkono chini ya mguu, akautoa ule msumari. Aliushika juu kwenye mwanga. Mimi bado nalalamika, nauliza kwa nini mashuka hayakung'utwa. Kisha akanigusa tena na ncha yake, chini ya goti, mahali ambapo kila asubuhi nilikuwa nikimjibu sisikii.

"Hapa?"

Niliogopa kusema, nikidhani nikisema kitaondoka.

"Mama Kabale. Hapa?"

"Nasikia," nikasema.

Alikaa kitandani pangu, jambo ambalo wauguzi hawafanyi, akalia kwa ile sauti yake kubwa. Ndugu yangu, kama leo huhisi mguu wako, siwezi kukuahidi msumari. Lakini endelea na dawa. Ile asubuhi niliyochomwa ilikuwa imetokana na asubuhi nyingine nyingi za sindano ambazo hazikunionyesha lolote.

Mvua fupi zilipopita sindano zilisimama, zikabaki vidonge. Nilipewa ruhusa ya kulala nyumbani na plasta yangu mpaka mifupa ishikane. Wario na wenzake wanne walinibeba juu ya machela kupita katikati ya Bulla Pesa, nimefunikwa shuka kwa ajili ya jua. Watu walisimama kando, wakanyanyua mikono kuomba dua, wakidhani ni jeneza. Nikatoa mkono kuwasalimia. Mwanamke mmoja aliacha kikapu chake akakimbia.

Nyumbani Kabale alikuwa anatembea. Hatua zake za kwanza sikuziona. Alisimama mlangoni ameshika nguo ya Akko, akaninyooshea kidole, akajificha. Niliita, nikaimba, nikampa sukari, hakuja. Kilichomleta ni meli. Niliiweka kifuani nikaanza kazi kana kwamba simwoni, na polepole nikasikia pumzi kwenye sikio langu. Akagusa ubavu mmoja. Kesho yake alirudi. Baada ya muda akawa akiamka anakuja moja kwa moja kitandani, anapanda, anakalia mapaja yangu yasiyo na nguvu, na ananipa vibao kimoja kimoja kana kwamba yeye ndiye fundi. Alinusa plasta yangu. Alilala usingizi mkono wake ukiwa ndani ya ukingo wa juu wa plasta, na mimi sikuthubutu kupumua kwa nguvu.

Basi woga ukapata kazi mpya. Kupitia ukuta wa mabati nilimsikia Akko akimwambia Wario kwamba mke wa kaka yake hana mtoto, na Kabale apelekwe Biliqo mvua ndefu zikianza, akalelewe na mwanamke mwenye miguu. Akko hakuwa mbaya. Alikuwa mzee, magoti yake yameisha, na ndiye aliyekuwa akiamka na mtoto. Nilingoja kusikia sauti ya Wario. Hatimaye akasema, "Tume akitembea, mtoto anabaki. Asipotembea, nitampeleka mwenyewe."

Niliitazama meli. Ilibaki milingoti, matanga na kamba zake. Nikahofu kwamba ikiisha Kabale hatakuwa na sababu ya kupanda kitandani. Kwa hiyo Akko akienda sokoni nilifungua vifundo vya jana ili leo niwe na la kufunga. Uzi ukachakaa kwa kufunguliwa, ukakatika. Nikalia, mtoto akinitazama.

Akko aliona. Siku iliyofuata aliweka kitu juu ya plasta yangu, akageuka kuondoka. Ilikuwa kamba nyembamba kuliko uzi wowote wa dukani, ameisokota kwa nyuzi za mizizi ambazo wanawake wetu hufumia vibuyu vya maziwa, kazi ya macho mazuri, na macho yake hayakuwa mazuri tena.

"Hiyo mti yako haina kamba," akasema. Na tangu siku hiyo kikombe changu kilirudi pamoja na vya wengine.

Kwa kamba hiyo nilimaliza meli. Kabale aliivuta uani, jinsi baba yake alivyokuwa ametaka tangu mwanzo, mpaka mlingoti mmoja ukavunjika. Nami nilirudishwa hospitali kufunguliwa plasta, mawingu yakiwa tayari yanakusanyika upande wa mlima.

Ilikatwa kwa mkasi mkubwa. Chini yake hapakuwa na mtu ninayemjua. Ngozi ilibanduka kama maganda, harufu ilinifanya niombe radhi, miguu ilikuwa fito, na mgongoni paliota kinundu ambacho ninacho bado. Waliponikalisha dunia ilizunguka nikatapika. Niliposimamishwa, nilisimama kwa muda wa kusema bismillahi, nikaanguka mikononi mwa Sista Karimi. "Tena," akasema. Kila siku alisema tena. Nilishika ukingo wa kitanda, kisha ukuta, kisha fimbo mbili. Nyayo ziliniuma kwa saruji, na kila maumivu niliyashukuru kwa sauti, mpaka wenzangu wakaniona nimerukwa na akili.

Kisha Wario akaja mbio. Mvua imenyesha Biliqo, lori la kaka yake linaondoka leo, halitarudi mpaka barabara ikauke. Akko ameshafunga nguo za mtoto. Sista Karimi alinitazama miguu. "Usiinue kitu," akasema. "Hata sufuria ya maji usiinue. Umesikia? Enda."

Tulifika kwa mkokoteni. Langoni nilimwambia Wario aniache. Niliingia uani kwa fimbo zangu mbili, kwa miguu yangu, Akko akiwa mlangoni ameshika furushi, na nje lori likinguruma. Nilitaka anione. Nilitaka wote wanione. Nilisimama mbele ya binti yangu nikasema, "Kabale."

Aliinua macho, juu, juu zaidi, mpaka usoni pangu. Akapiga yowe. Akanipita mbio, akaingia chumbani, nikasikia akilia na kuita mama, mama. Nilimfuata nikijikokota. Alikuwa kwenye kitanda changu. Alikuwa ameinua blanketi na anatazama chini yake, kisha chini ya mto, ananitafuta.

Mama yake aliyemjua alikuwa amelala. Huyu mrefu mwenye fimbo hakumjua.

"Unaona," akasema Akko nyuma yangu, bila ukali.

Kitu kimoja nilikuwa nimeapa hospitalini, kwamba silali tena chali mpaka siku ya kuzikwa. Niliziegemeza fimbo ukutani. Nilishika mguu wa kitanda, nikapiga goti, nikakaa, nikajilaza sakafuni polepole, mgongo ukilalamika, mpaka nikawa chali kabisa, macho darini. Niliogopa kwamba sitaweza kuinuka. Nikakaa hivyo nikingoja.

Kilio kilipungua. Nikasikia anashuka kitandani. Uso wake ukaja juu ya uso wangu, una machozi na kamasi. Alinigusa pua. Aligusa kifua, pale plasta ilipokuwa, akabonyeza, akashangaa ni laini. Kisha akaingiza mkono shingoni mwa nguo yangu, akatulia.

"Ka'i," akaniambia. Inuka. Ndilo neno alilokuwa akiambiwa na Akko kila alipoanguka.

Nikageuka ubavu. Nikashika kitanda. Nilimkumbatia kwa mkono mmoja, yeye akaning'inia shingoni, nikaweka goti, nikaweka mguu, na magoti yakitetemeka nikasimama naye.

Nje dereva alipiga honi. Akko aliliweka furushi kitandani.

"Wario," akaita, "mwambie huyo aende."